Jua la Chini ya Maji

Hii ninayotaka kukusimulia hutaiamini, na sikulaumu, maana hata waliokuwepo siku yenyewe mpaka leo wanaamini nusu yake tu, tena ile nusu ya uongo. Watu wazima, wenye vyeo na viyoyozi nyumbani, walipigana vikumbo kununua taa ya jikoni kwa bei ya friji. Wakashukuru. Wakapiga picha nayo. Kaa vizuri nikupe kisa kizima.

Palikuwa na fundi simu mmoja, mtaani walimwita Kinanda, kwa sababu ukimgusa tu anaanza kulia na huwezi kujua atanyamaza lini. Alikuwa fundi kwa maana ya kwamba alikuwa na meza chini ya ngazi za jengo la maofisi, bisibisi nne, na kopo lililojaa simu zilizofia mikononi mwake. Chakula chake hasa kilitoka kwenye pikipiki. Asubuhi kabla ya kufungua meza alizunguka nayo kupeleka vifurushi vya watu, na hicho ndicho kilicholipia chumba, umeme na mashati yake ya kola ngumu.

Siku moja Mama Bima, mama mnene wa ghorofa ya tatu anayeuza bima za magari, akamletea simu iliyopasuka kioo. Kinanda akabadilisha kioo. Halafu akaijaribu. Kujaribu simu ya mteja, kwa Kinanda, ni kusoma ujumbe wote kuanzia mwezi uliopita.

Na hapo ndipo alipokutana na kundi la Bustani Majini.

Watu mia na ushee, wote wa mjini, wote wanafuga samaki kwenye matangi ya vioo, tena si samaki peke yao, wameotesha na mimea humo humo ndani ya maji. Na mimea inawafia. Inakuwa ya kahawia, inaoza, inavaa ule utelezi wa kijani uitwao mwani. Kuanzia alfajiri wanabishana kuhusu taa za LED. Mmoja anasema angalia wati. Mwingine anasema wati ni ushamba, angalia lumeni, wingi wa mwanga wenyewe. Wa tatu anasema wote hamjui kitu, mmea unataka mwanga mwekundu na wa bluu. Mama Bima mwenyewe alikuwa ametuma sauti ya dakika nne, na kufika dakika ya tatu alikuwa anavuta kamasi. Eti majani yake mekundu yamemkatia tamaa.

Kinanda alisikiliza dakika zote nne amesimama, bisibisi mdomoni. Watu mia na ushee. Wana hela, wana huzuni, na hawajui wanachobishania. Aliona kama ameokota ng'ombe aliyekwisha chunwa. Kabla hajamrudishia mama simu yake, alikuwa ameshajiingiza kwenye kundi.

Sasa sikia ujasiri wa mtu huyu. Aliuza pikipiki. Ile pikipiki, ndiyo. Fedha yote akaipeleka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanunua taa arobaini za LED, zile ndefu kama mkono, wanazobandika chini ya kabati za jikoni ili mtu aone anakata kitunguu au kidole. Akazibandua karatasi zote. Akazipulizia rangi ya dhahabu. Akachapisha stika: JUA LA CHINI YA MAJI. Chini ya jina akaweka namba, maana aliona watu wa kundi lile wanaheshimu namba kuliko wazazi: 6500, halafu 98, halafu 3B. Ile 6500 aliiokota kwenye mabishano yao wenyewe. Ile 98 ilimjia tu. 3B ni chumba alichopanga.

Ukitegemea kwamba alikwenda kundini kutangaza biashara, hujamjua Kinanda. Alikwenda akauliza swali la kinyonge kabisa. Samahanini wakubwa zangu, mimi niko kwenye utafiti wa mwanga, nina taa ambayo mimea inaota kwa kasi mpaka nashindwa kuipogoa, je, kuna anayejua namna ya kuipunguza nguvu?

 Kundi zima likalipuka.

Wakamwomba bei. Akasema haziuzwi, ziko kwenye utafiti. Wakamwomba picha. Akasema mkataba haumruhusu. Mkataba na nani? Akasema hata hilo mkataba haumruhusu. Ndipo akajitokeza mwenye kundi, Daktari wa Meno.

Huyu daktari nimwelezee kidogo. Kliniki yake ilikuwa mbele ya jengo lile lile, na kwenye chumba cha kusubiria kulikuwa na tangi refu kama jeneza la mtu mrefu, fahari ya maisha yake. Alikuwa bahili wa kutajika. Mgonjwa ukisahau kalamu pale mapokezi, ujue umeichangia kliniki. Alikuwa na sauti ya chini, ya upole, sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kujibu. Akapendekeza ushindani wa haki. Matangi madogo matatu, kliniki kwake, maji yaleyale, mimea ileile, samaki walewale. Juu ya la kwanza itawekwa taa yake yeye daktari, ya gharama, iliyotoka ng'ambo. Juu ya la pili, taa ya bei ya kati ya duka la samaki. Juu ya la tatu, hiyo ya dhahabu. Wiki tatu. Kila siku yeye atapiga picha na kuituma kundini, watu wajionee.

Kinanda akajifanya anasitasita kwa siku mbili nzima, na siku mbili hizo kidogo zimuue. Halafu akakubali, kwa sharti moja tu: kila Ijumaa lazima aje mwenyewe kupima mwanga.

Ijumaa ya kwanza akaja na koti jeupe. Mkononi ana kile kipimo chake cha kupimia betri za simu, chenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Akachovya nyaya kwenye maji, akakunja uso, akasoma kwa sauti mia nne na kumi na mbili.

"Mia nne na kumi na mbili za nini?" daktari akauliza.

"Za mwanga, dokta."

"Nyingi au kidogo?"

Kinanda akamtazama kwa huruma. "Dokta, zikifika mia tano nitakuomba uwaondoe watoto humu ndani."

Daktari akatikisa kichwa polepole, akaandika ile namba kwenye daftari la wagonjwa, akarudi zake ndani kung'oa jino la mtu. Kinanda akamwomba dada wa mapokezi amchemshie maji kidogo ya kusafishia kipimo. Dada akaenda. Hapo hapo Kinanda akafungua koti. Mfuko wa ndani ulikuwa na mimea mibichi, imefungwa kwenye gazeti lililolowana. Mkono ukazama kwenye tangi la tatu mpaka kiwikoni, mimea iliyoanza kusinyaa ikang'oka, ile mipya ikachomekwa kwenye changarawe. Samaki wakashangaa. Dada anarudi na maji ya moto, Kinanda amesimama wima kama askari, mkono mmoja unachuruzika ndani ya koti, anamshukuru.

Mimea yenyewe aliinunua kwa Mama Vitalu, mama mmoja anayeotesha mimea ya majini kwenye mabeseni nyuma ya nyumba yake. Mama Vitalu hakuwa na simu ya kuingia makundi wala hakuitaka. Kinanda alipofika mara ya pili kutafuta majani mekundu yaleyale, lakini marefu zaidi, mama huyo alimuuliza mbona anachagua mimea kama anayechagua mchumba. Kinanda akamwambia ni ya shule, watoto wanajifunza. Mama Vitalu akamwambia basi watoto hao wajifunze na hili, kwamba mmea haufi kwa taa peke yake, unakufa kwa njaa, unakufa kwa maji machafu, unakufa kwa kushikwashikwa kila siku na mwenye nao. Kinanda alikuwa hasikilizi. Alikuwa anapima majani kwa kiganja.

Wiki ya pili ikawa kichaa. Kwenye picha, tangi la tatu lilikuwa linawaka wekundu kama duka la maua, wakati lile la taa ya ng'ambo limesimama palepale. Watu wakaanza kumfuata Kinanda pembeni, mmoja mmoja, na hapa ndipo utaona binadamu alivyo. Kundini wanaandika tusubiri matokeo, sayansi ni subira. Pembeni wanaandika mengine.

Mama Bima alishuka mwenyewe mpaka chini ya ngazi, akaegemea meza mpaka bisibisi zikabiringika. Akasema mwanangu, nifikirie mimi kwanza, hao wengine wanapenda kujionyesha tu, mimi nina mapenzi ya kweli na mimea. Mwanasheria wa ghorofa ya nne naye akaja, huyu akataka taa mbili, moja ya kutumia na moja ya kuficha, ili ikiisha sokoni awe nayo peke yake. Alikuja na bahasha kabisa. Bahasha nene, ameishika mkononi namna ile mtu anavyoshika mkate wa moto.

Hapa mtu mwenye tamaa ya kawaida angechukua bahasha na hadithi yangu ingeishia hapa. Kinanda alikuwa na tamaa kubwa kuliko hiyo. Aliwaona wote wamekusanyika chumba kimoja, wanashindana kupandisha bei wenyewe kwa wenyewe. Akamrudishia mwanasheria bahasha yake, akamwambia kwa uchungu kabisa kwamba sayansi haina rushwa. Mwanasheria aliondoka anamheshimu. Kinanda mwenyewe alijiheshimu mpaka jioni.

Jumamosi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, chumba cha kusubiria kilijaa mpaka mlangoni. Watu wamevaa kama wanakwenda kwenye posa. Kinanda alikuwa amefika mapema na taa zake thelathini na tisa kwenye maboksi, akaziacha mapokezi zimefunikwa shuka. Tangi la tatu lilikuwa limeiva. Alikuwa amebadilisha mimea jana yake tu, na safari hii alichukua beseni zima la Mama Vitalu.

Kabla hajaanza hotuba, mlango wa ndani ukafunguka. Daktari akamwita kwa sauti ile ya upole. Akamwambia amemwona wiki zote hizi akitafunia upande mmoja, bila shaka kuna jino linamsumbua kushoto, na kwa heshima ya utafiti atamwangalia bure, dakika tano tu, watu wasubiri.

Jino lilikuwepo kweli, tena lilikuwa na mwaka. Na lile neno bure Kinanda hakuwahi kulipita barabarani bila kusimama. Akapanda kwenye kiti. Kiti kikalala. Sindano ikaingia, moja, halafu nyingine. Baada ya muda mfupi shavu likaondoka, mdomo ukaondoka, ulimi ukabaki kama soksi iliyolowa. Daktari akamwekea kile chuma cha kuachamisha kinywa, akavuta stuli, akakaa karibu kabisa.

"Mdogo wangu," akasema, "mke wangu anaosha vyombo chini ya Jua la Chini ya Maji mwaka wa pili huu. Ya kwetu haina rangi ya dhahabu tu."

Kinanda akasema kitu. Kilitoka kama mtu anayesukutua.

"Usijichoshe. Ile picha ya kwanza kabisa niliyopiga taa yako hapa nilimwonyesha mke wangu, nikijisifu. Akaniuliza kwa nini nimemng'olea taa ya jikoni." Akachukua kile kioo kidogo, akakagua jino bila haraka. "Na kile kitu cheupe kwenye kona ya dari pale mapokezi, wewe ulidhani ni king'ora cha moshi. Ni kamera. Nimekuona Ijumaa zote. Ya pili ulimbana samaki kwa kiwiko, sikupenda."

Macho ya Kinanda yakaanza kutoa maji.

Daktari akamweleza mengine taratibu huku akisafisha jino, maana jino alilisafisha kweli, kazi ni kazi. Alikwenda kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi wiki ile ile ya kwanza. Aliuliza zimebaki taa ngapi. Zilibaki mia mbili. Akanunua zote mia mbili. Akaziweka kwenye maganda meupe, safi, yasiyochubuka kama hiyo rangi ya kupuliza, na sasa hivi ziko chumba cha picha za mionzi, zimepangwa mpaka darini. Matangazo hakulazimika kufanya. Matangazo kayafanya Kinanda, kwa mimea aliyoinunua Kinanda, mkono wa koti la Kinanda ukilowa kila Ijumaa.

"Kwa hiyo una njia mbili," daktari akasema. "Ya kwanza, nakwenda pale nje nawawashia ile video kwenye televisheni kubwa. Yule mwanasheria uliyemfundisha uadilifu yupo mstari wa mbele. Ya pili, unatoka na mimi, unasimama kando yangu, nikisema hizi nyeupe ndizo zenyewe zilizokamilika baada ya utafiti, unatikisa kichwa kukubali. Hizo zako thelathini na tisa nazichukua kwa nusu ya ulivyonunua. Nimeshapiga hesabu ya rangi, nitaikwangua mwenyewe. Ukikubali, pepesa jicho mara moja."

Kinanda, mwenye maneno ya kumtosha mtu yeyote mjini, ambaye aliwahi kumshawishi mteja kwamba simu yake imekufa kwa upweke, alilala pale kinywa wazi, hana hata silabi moja ya kujitetea. Akapepesa.

Wakatoka. Daktari akahutubia kwa maneno machache sana, na kila alipofika kwenye jambo zito akamgeukia Kinanda, na Kinanda akatikisa kichwa. Mwanasheria, kwa kuwa ni mwanasheria, akasimama akauliza: mtafiti mwenyewe athibitishe kwa kinywa chake, hizi nyeupe ndizo taa zilizoshinda?

Chumba kizima kikamgeukia. Kinanda akafungua mdomo. Kilichotoka ni sauti kama ya ndama, na nyuma ya sauti, mate, yakamtiririka mpaka kwenye kola ngumu. Machozi nayo yakaamua kutoka wakati huohuo.

Watu wakapiga makofi. Mama Bima akamletea tishu, akamkumbatia, akawaambia wengine mnaona mtu anavyoipenda kazi yake. Halafu akamsukuma pembeni ili awahi foleni.

Zile nyeupe mia mbili ziliisha kabla ya adhuhuri.

Kinanda akarudi nyumbani na nusu ya pikipiki. Ukitaka kujua ni nusu ipi, ni ile isiyotembea. Vifurushi vya asubuhi vilishachukuliwa na mtu mwingine. Akabaki chini ya ngazi na bisibisi zake, anasubiri kitu kimoja tu kimpoze moyo: siku ambayo mimea ya watu itaanza kufa, maana itakufa tu, na daktari ataumbuka.

Ikafa. Wiki ya pili mwani ukaota kwenye matangi ya mji mzima, maji yakawa kama supu ya mboga. Kinanda alijua kwa sababu Mama Bima alishuka ngazi siku hizo ana macho mekundu, na kucha zake zilikuwa na ukijani. Kinanda akafungua kundi kwa hamu. Akakuta nini? Picha. Picha za matangi yanayong'aa, majani mekundu, marefu, mabichi. Mama Bima ameandika tangu nimeweka Jua la Chini ya Maji nyumba yangu ina amani. Mwanasheria ameandika anajuta kununua mbili tu.

Akatembea kwa miguu mpaka kwa Mama Vitalu. Alikuta mabeseni yote matupu, Mama Vitalu anachimba sehemu ya kuongeza mengine.

"Sijui mmepatwa na nini mjini huko," Mama Vitalu akamwambia. "Kila Alhamisi wanakuja. Yule mnene anatuma dereva. Mwingine anakuja na miwani ya jua na mvua inanyesha. Wote wananinong'oneza nisimwambie mtu, na wote wanasema ni ya shule."

Kinanda akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Halafu kicheko kikamkatikia. Alifahamu kwamba hakuna siku daktari ataumbuka. Aliyetoa bei ya friji hawezi kusema ameuziwa taa ya jikoni, na kila picha inayotumwa inamfunga zaidi anayefuata.

Akatoa simu. Akaandika ukweli wote, kuanzia kioo cha Mama Bima mpaka kamera ya darini. Aliandika vizuri, hajawahi kuandika vizuri vile maishani mwake. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma.

Ujumbe ukaingia, wa pembeni, kutoka kwa Daktari wa Meno. Aliulizia jino linaendeleaje. Halafu akasema kuna watu kundini wanashangaa mbona mtafiti mwenyewe hana taa, hajaweka picha, wameanza kuwa na mashaka. Mashaka hayo si mazuri kwa yeyote. Ingekuwa vizuri anunue moja.

Kinanda akasoma mara tatu. Akafuta kile alichoandika, neno baada ya neno, kuanzia mwisho. Akamjibu daktari, akamwomba angalau bei ya kirafiki.

Daktari akajibu kwamba bei ni moja kwa wote, maana akianza kupendelea watu atakuwa tapeli.

Kesho yake asubuhi Kinanda akapanda ngazi za kliniki na hela mkononi. Alikabidhiwa taa nyeupe kwenye mfuko. Akiwa kwenye ngazi akaigeuza, na kwenye kona, pale ganda lilipoachia kidogo, akaona mkwaruzo wa rangi ya dhahabu. Ilikuwa moja ya zile thelathini na tisa. Akaipiga picha, akaituma kundini, akaandika asanteni kwa kuniamini.

Haya, wewe msomaji unayetabasamu hapo. Hela ya friji mkononi, video yako iko kwa daktari, kundi zima linakusubiri. Ungenunua, au ungefanyaje?